Namna ya Kuutunza Mgongo Mbovu Mpaka Uzeeni

Kuanza kuumwa mgongo hakuhitaji mwongozo. Mtu yeyote mwenye kiti, simu na marejesho ya mkopo atafika huko bila kufundishwa. Kazi iko kwenye kuyatunza maumivu yenyewe. Maumivu ya kawaida ya kiuno, yale ya kuamka asubuhi ukashindwa kuvaa soksi, yana tabia moja ya kukera: kwa watu wengi hupungua yenyewe, mara nyingi hata wiki sita hazijatimia. Umeshatangaza kazini, umepewa pole na ukoo mzima, shangazi amepiga simu kutoka Korogwe, halafu mwezi haujaisha unaonekana unainama na kuinuka bila hata kuguna. Fedheha tupu. Mwongozo huu ni wa wale wasiotaka yawakute hayo.

Wala usijione mpweke. Watafiti wanaohesabu mzigo wa magonjwa duniani wanakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna tatizo jingine la afya linalowatoa watu wengi zaidi kwenye shughuli zao. Chama hiki hakina kadi wala ada, na vikao vyake hufanyika kila siku kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye foleni za benki na nje ya misikiti baada ya swala, pale wazee wanapojaribu kuvaa viatu.

Hatua ya kwanza ni kukaa. Kaa kwenye daladala kama umebahatika kupata siti. Kaa ofisini. Kaa kwenye bodaboda ukiwa umejikunja nyuma ya dereva, begi la kompyuta likikuvuta bega la kulia, kisha rudi nyumbani ukae kwenye kochi ambalo fundi wa Keko alilipa kina kirefu kuliko mapaja ya mtu yeyote katika ukoo wenu. Watakuja watu na habari za mkao sahihi: mgongo wima, mabega nyuma, skrini usawa wa macho. Wasikilize kwa heshima, nunua kiti cha bei mbaya, kisha ukae wima humo saa tano bila kuinuka. Matokeo ni yale yale.

Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo huko New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwamba kichwa cha mtu mzima, ambacho kina kilo tano hivi, kikiinamishwa nyuzi 60 kutazama simu huielemea shingo kwa nguvu ya kilo 27. Hesabu hiyo ilizunguka dunia nzima, ikasomwa na watu walioinamisha vichwa nyuzi 60. Waliokuja kupima maumivu yenyewe badala ya nguvu hawakukuta uhusiano ulionyooka namna hiyo kati ya kuinamia simu na kuumwa shingo. Misuli haina ugomvi na mkao fulani. Inachochukia ni kubakishwa kwenye mkao mmoja, hata uwe ule ulioko kwenye bango la ukutani hospitalini. Kwa hiyo usihangaike kuchagua. Chukua mkao wowote uupendao, uushikilie mpaka jioni.

Kwa shughuli za nyumbani hakuna haja ya kubuni kitu, mambo yalishapangwa zamani. Ufagio wa chelewa hauna mpini, kwa hiyo uwanja mzima unafagiliwa mtu akiwa amekunjika kiunoni. Beseni la nguo liko chini, jiko la mkaa liko chini, mbuzi ya kukunia nazi iko chini, na mtoto yuko mgongoni. Fimbo ya mita moja iliyofungwa kwenye ule ufagio ingebadilisha mambo mengi, na fimbo zimejaa uani, ila inasemekana ufagio mrefu ni wa wavivu. Anayesema hivyo kwa kawaida hafagii.

Makuli wa Kariakoo nao wana yao. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mtu mzima asibebeshwe mzigo unaozidi kilo 55. Gunia la sokoni lina kilo 100, na likifungwa lumbesa linapita hapo. Kuli analibeba, na katika wote waliotajwa humu yeye hachekwi, maana hakuna aliyempa la kuchagua.

Hatua ya pili, yapatie maumivu jina linalotisha. "Nimekaa sana" halina hadhi mbele za watu. Mtaani majina yapo tayari. Ukiwa mwanamume na kiuno kinauma, hiyo ni ngiri. Ukiwa mtu yeyote na kiuno kinauma, hizo ni figo. Ukiwa umevuka miaka arobaini, hiyo ni baridi, na kama uliwahi kuoga maji ya baridi usiku ukiwa Lushoto, basi chanzo kimeshapatikana. Ukitaka la kitaalamu zaidi, kapigwe picha.

Picha ya uti wa mgongo ni zawadi kwa mtu mwenye nia kama yako. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya watu wasioumwa chochote, wakakuta dalili za kuchakaa kwa diski katika asilimia 37 ya wenye miaka 20, na katika asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kuchakaa huko ni mvi za ndani, basi. Lakini hukutoa hela ya kipimo ili uambiwe una mvi. Chomoa neno moja kwenye maelezo ya daktari, "zimesagika", utembee nalo. Lile alilosema baadaye, kwamba si ajabu kwa umri wako, liache pale pale chumbani kwake. Mtu anayeamini mgongo wake umesagika hujibeba kwa woga, hakuna siku anayojaribu kuinama, na misuli isiyojaribiwa hudhoofika. Hapo kazi inakuwa imeanza vizuri.

Magoti yana hadithi yake. Yakianza kulia unapopanda ngazi, majirani watakueleza kwamba ute umekwisha na dawa ni bamia. Loweka bamia usiku, kunywa maji yake asubuhi, na ule utelezi utashuka wenyewe mpaka gotini. Njia unayopitia bado haijatangazwa. Tumboni bamia husagwa sawa na mboga nyingine, nzuri sana kwa choo. Ute wa gotini hutengenezwa hapo hapo gotini, na utando unaokizunguka kiungo. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute huo, nao huingia humo pale goti linapokanyagiwa na kuachiwa, kukanyagiwa na kuachiwa. Chakula cha goti, kwa maneno mengine, ni kutembea. Wewe kunywa bamia, kisha ukae.

Hatua ya tatu ni mikono ya watu, na hapa lazima uwe mwangalifu, kwa sababu mikono inasaidia kweli. Ukigonga kiwiko kwenye mlango, unakishika na kukisugua kabla hujafikiri lolote. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza sababu: habari za mguso na habari za maumivu hupitia lango moja kwenye uti wa mgongo, na mguso ukijaa langoni, maumivu hubanwa. Nadharia yao imerekebishwa sana tangu wakati huo, ila lango limebaki. Ongeza joto la viganja, ongeza nusu saa ya kulala kimya bila simu, ongeza mtu ambaye kwa muda huo hana shughuli nyingine isipokuwa wewe, na nafuu inaeleweka. Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno, uchuaji ulikuwamo kati ya yanayofaa, pamoja na mazoezi na elimu. Tatizo kwa mwenye nia yako ni kwamba nafuu hiyo ni ya muda, na katika muda huo mtu anaweza kushawishika kwenda kutembea.

Anza na dawa ya kuchua, maana hiyo unaweza kuiharibu mwenyewe bila kumsumbua mtu. Ule moto unaousikia si moto. Kwenye ngozi kuna vipokezi vinavyoupa ubongo habari za joto na baridi. Pilipili hukidanganya kile cha joto, mentholi hukidanganya kile cha baridi, na ni kwa kuvifuatilia vipokezi hivyo, akianza na pilipili, ndipo David Julius aliposhinda nusu ya tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021. Ubongo ukishughulika na pilipili hupunguza kushughulika na kiuno. Wengine hupendelea mafuta ya karafuu, yale yanayotengenezwa kwa makonyo huko Wawi, Pemba, yakichanganywa na ya nazi ili yasiunguze. Yote sawa. Cha kufanya ni kupaka mara tatu ya kiasi kilichoandikwa, kufunga bendeji juu yake, kisha kukanda na maji ya moto ili ngozi ibabuke vizuri. Kuhusu kunawa mikono kabla ya kwenda haja ndogo, mwongozo huu hauna ubavu wa kukushauri vinginevyo. Nawa.

Sasa tuseme umempata bibi anayechua, mmoja wa wale wa Tanga au Unguja waliofundishwa na mama zao, ambao wamewakanda wanawake wa mtaa mzima katika arobaini zao za uzazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Toa mkanda, lala kifudifudi."

Haulizi habari za picha. Mafuta ya nazi yamo kwenye kibakuli kilichowekwa ndani ya maji ya moto, anachovya, anasugua viganja vyake mpaka vitoe sauti. Mara ya kwanza habonyezi. Anapitisha kiganja kizima kutoka begani mpaka nyonga, upande huu, kisha ule, huku akimwambia mtu jikoni apunguze moto wa maharage. Anarudia. Kidole gumba kinasimama upana wa vidole viwili kutoka kwenye uti, juu kidogo ya mfupa wa nyonga.

"Hapa."

"Hapo hapo, bibi."

"Wewe kazi yako ya kukaa. Na hili bega unabebea nini?"

"Kompyuta."

"Haya."

Anaegemea. Hatumii nguvu ya mkono, anatumia uzito wa mwili wake, taratibu, akisubiri utoe pumzi. Ukiitoa, gumba linazama kidogo, na anasubiri tena. Ukibana meno anapunguza bila kuambiwa. Wanaosomea kazi hii vyuoni hufundishwa hivyo hivyo, kwa ada. Baada ya nusu saa anakufunika kanga, anakuacha utulie, halafu anatoa maagizo ambayo hayamo kwenye bei: "Usiende kulala. Tembea mpaka kituo cha pili ndiyo upande gari. Na huko kazini uwe unainuka inuka, mgongo si kabati." Unamshukuru, unamwachia hela chini ya kibakuli, na bodaboda unaipanda mlangoni kwake, kabla hata hajafunga pazia. Hicho kitendo kimoja ndicho kiini cha mwongozo mzima. Bibi amekufungulia saa chache ambazo mwili ungekubali kusogea, na wewe umezikalia. Juma lijalo utarudi, na kwa kuwa utarudi, utasema anachua vizuri.

Ukiwa na uwezo zaidi kuna hoteli za ufukweni, ambako utapewa taulo jeupe, muziki wa ndege na maelezo kwamba masaji inatoa sumu mwilini. Usiulize sumu ipi. Ini na figo zimekuwa zikifanya kazi hiyo bila muziki. Utaambiwa pia inaondoa asidi ya laktiki kwenye misuli, ilhali hiyo huondoka yenyewe, saa moja hivi baada ya kuacha mazoezi, wewe ukiwa bado unatafuta bajaji. Maumivu ya siku ya pili na ya tatu baada ya kukimbia yanatokana na vijeraha vidogo kwenye nyuzi za misuli ambayo haikuzoea, hasa ikifanyishwa kazi ya kuzuia, kwa mfano kushuka mlima. Kukandwa kunayapunguza kiasi. Yasingekuwapo kama ungezoea kidogo kidogo, lakini nani ana muda huo.

Kisha kuna kinyozi. Hapa nitakaa kidogo, maana ni mahali pekee mjini ambapo mtu huingia kunyolewa ndevu akatolewa shingo. Umeshapakwa spiriti, taulo la moto limeondolewa usoni, binti wa skrabu amekukanda mabega mpaka umeanza kusinzia. Kijana anakuja nyuma ya kiti. Mkono mmoja kidevuni, mwingine kisogoni. "Legeza shingo, bosi." Unalegeza. Anaizungusha polepole kulia, kushoto, kulia, ukiwa bado unafikiria bei, kisha ghafla: ka! Halafu upande wa pili: ka! Watu wa kwenye benchi wanatikisa kichwa kwa kuridhika. Umesikia mfupa ukirudi mahali pake.

Hakuna mfupa uliorudi, kwa sababu hakuna uliokuwa umetoka. Ndani ya kiungo kuna ute wenye gesi iliyoyeyuka. Kiungo kikivutwa ghafla, uwazi wa gesi hutokea ndani ya ute huo. Mwaka 2015 watafiti wa Alberta, Kanada, walivivuta vidole ndani ya mashine ya MRI wakaona uwazi ukitokea pale pale mlio ulipotoka. Ndiyo maana ukishalia lazima usubiri kama dakika ishirini ndipo ulie tena. Na wale wanaowatisha watoto kwamba kuvunja vidole kunaleta ugonjwa wa viungo watamchukia Donald Unger, daktari wa California aliyevunja vidole vya mkono wa kushoto peke yake kwa zaidi ya miaka 60, wa kulia akauacha, kisha akailinganisha. Hakukuta tofauti. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza.

Vidole ni vidole, lakini. Shingoni, ndani ya vitundu vya pingili, hupita mishipa miwili ya ateri inayopeleka damu nyuma ya ubongo. Shingo ikizungushwa kwa nguvu na ghafla, mishipa hiyo inaweza kuchanika utando wa ndani, damu ikaganda hapo, na donge likapanda juu kuwa kiharusi. Hutokea mara chache. Hutokea hata kwa vijana. Wapo waliosomea kazi ya kusukuma pingili, fani iliyoanzishwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Iowa, mwaka 1895, kwa madai kwamba alimrudishia usikivu mfagizi wa jengo kwa kumsukuma pingili ya mgongo. Madai hayo hayajawahi kueleweka vizuri, ila wanafunzi wake wa leo husoma miaka kadhaa na humuuliza mtu historia yake kabla ya kumgusa. Kijana wa saluni amekuuliza kama unataka ndevu ziwe na pembe au duara. Ukitaka kubaki na shingo yako, neno ni fupi: "Shingo acha, kaka, kanda mabega tu." Ukitaka kufuata mwongozo, legeza.

Kuumikwa sitakusemea sana. Zamani ilikuwa pembe na chuku, siku hizi ni vikombe vya plastiki na inaitwa hijama, na Michael Phelps alipotokea Rio mwaka 2016 na mabaka mekundu mabegani, kila mtu alikumbuka kwamba bibi yake alikuwa akifanya. Ushahidi wake ni mwembamba. Kama utachanjwa, tazama wembe unatoka kwenye karatasi mpya. Virusi vya homa ya ini na UKIMWI havijali nia njema ya mtu yeyote.

Halafu kuna bonanza la maveterani siku ya Jumapili. Mtu wa miaka arobaini na sita, mara ya mwisho kukimbia ilikuwa kuwahi mwendokasi, anapewa namba saba. Dakika ya tisa mguu unageuka, kifundo kinavimba pale pale. Katika kila timu kuna mmoja anayejua kunyoosha. Hana cheti, ila alimnyoosha shemeji yake. Anakukalia juu ya goti, anashika kisigino, anavuta, kisha anachua uvimbe kwa nguvu zote, na wewe unang'ata jezi. Mishipa ya damu iliyokuwa imepasuka kidogo sasa imepasuka vizuri. Bibi wa Tanga asingekigusa: angekwambia kiinue juu, kipumzishe siku mbili tatu, kisha kianze kusogezwa taratibu. Madaktari wa dharura wana kipimo chepesi cha kujua nani apelekwe kupigwa picha: ukishindwa kukanyaga hatua nne, au ukibonyezwa kwenye mfupa wenyewe wa kifundo ukaruka, huenda umevunjika, na mfupa uliovunjika haunyooshwi na namba tano.

Aya hii haina utani. Kama sehemu za siri na makalio zimekufa ganzi, kama mkojo au choo vimegoma au vinatoka bila ruhusa, kama mguu umelegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao Percivall Pott aliueleza London mwaka 1779 na ambao kwetu bado upo. Hauchuliwi, unatibiwa kwa vidonge na unapona. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu, kujifungua au upasuaji, asikikande mtu: huenda ni damu iliyoganda, na ikisukumwa inaweza kufika kwenye mapafu. Uvimbe unaokua karibu na goti la mtoto hauchuliwi hata siku moja. Kwa mengine yote wapo wataalamu wa fiziotherapia. KCMC ya Moshi imekuwa ikiwafundisha kwa miaka mingi. Watakushika kwa mikono, kisha watakupa mazoezi ya kufanya nyumbani, na hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea njia.

Tuendelee. Hatua ya nne mpaka ya saba ni moja: lala. Lala godoro likiwa chini, lala wiki nzima, na atakayekuambia kwamba kwa maumivu ya kawaida kujilaza kunachelewesha kupona mwambie hajawahi kuumwa. Nunua mkanda wa kiuno. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani unashauri usitumike kwa maumivu sugu, kwa hiyo nunua miwili. Meza diklofenaki kutoka duka la dawa la jirani, asubuhi na jioni, bila chakula, miezi mitatu, na usimwambie mtu. Vidonge hivyo vinaweza kutoboa tumbo na vikizidi huumiza figo. Ulikuwa ukizisingizia figo tangu hatua ya pili. Sasa utakuwa umezipa sababu.

Epuka hasa kutembea. Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Australia la watu 701 waliokuwa wametoka kupona maumivu ya kiuno. Kundi moja lilipewa mpango wa kutembea, wakipanda taratibu mpaka kufikia dakika 30, mara tano kwa wiki, na mtaalamu wa viungo akiwafuatilia. Kundi la pili liliachwa. Katika hao walioachwa, nusu walikuwa wameshaumwa tena kufikia siku ya 112. Kwa waliotembea, ilichukua siku 208. Hakukuwa na mashine, mafuta, wala taulo jeupe. Tafiti za namna hii ni hatari kwa biashara za watu na hazifai kuachwa wazi mezani.

Hatua ya mwisho ni ya jioni. Tandika mkeka sebuleni, lala kifudifudi, mwite mtoto aje akukanyage mgongo. Nikiri kwamba kwa kila kigezo cha mwongozo huu tiba hii ni nzuri mno: nyayo zina joto, mkanyagaji hana haraka, na kicheko chake peke yake kinalegeza misuli ya watu wawili. Mwambie ashike ukuta, akanyage kwenye nyama pembeni mwa uti na si juu ya pingili, asiruke. Kinachotuokoa ni kwamba watoto hukua. Aliyekuwa na kilo 20 darasa la kwanza atafika la saba akiwa na 40, naye hatakuambia. Ataendelea kupanda kila akiitwa, na wewe utaendelea kuita kwa jina lile lile la kumdekeza. Usimpime kamwe. Siku mbavu zikilia ka, mshukuru, mpe hela ya barafu, umwite mdogo wake.